Sentimita Kumi na Tano Kutoka Wapi?

Sogeeni karibu, na mwenye chai mkononi aimalize kwanza, kwa sababu habari hii ni ya choo. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu katikati, mdomo ukiwa umejaa.

Kila mtu ana kinyaa chake. Yupo anayekuta unywele kwenye sahani akasusa kula siku mbili. Yupo asiyeweza kushika mjusi, hata mjusi aliyekufa. Mama ninayetaka kuwaeleza alipima mashimo ya vyoo kwa miaka kumi na tisa, pua yake ikiwa karibu kabisa na mambo ambayo sisi wengine hatuyataji mezani, na hayo hayakumsumbua. Kilichomtia kinyaa, kinyaa cha kukunja midomo na kutema pembeni, ni jedwali lenye namba zisizojulikana ni za nini.

Watu walimwita Mama Ufito, kwa ajili ya ule ufito wake. Ulikuwa mti mwembamba, mrefu kuliko mlango, umechorwa alama kila sentimita, na mwishoni umepigiliwa kibati cha duara kama kifuniko cha kopo. Akifika kwenye shimo alifungua mfuniko, akateremsha ufito taratibu mpaka kibati kiguse uchafu, akasoma alama iliyolingana na ukingo wa zege. Akisoma mia na sitini, shimo lina nafasi tele. Akisoma ishirini, basi zimebaki sentimita ishirini tu uchafu ufike juu, na wenye nyumba waanze kutafutana.

Kazi hiyo aliipata kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuwa akifagia barabara katika idara ya usafi ya mji, siku moja mkuu wa wakati huo akauliza nani atapima mashimo, wenzake wote wakaanza kuangalia kucha zao. Yeye akainua mkono. Aliyemfundisha kuandika vipimo alikuwa karani mmoja mtu mzima, mwanamke mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, ambaye wote walimwita Bibi Karani.

"Mwanangu," Bibi Karani alimwambia siku ya kwanza, "usiniletee namba tupu. Juu ya safu andika ni kipimo cha nini, kimeanzia wapi, kimeishia wapi, na ni sentimita au ni vidole vya mkono wako. Ukiniletea namba tupu nitaitupa kwenye ndoo, na ndoo yenyewe umeshaiona ilivyo."

Ndoo hiyo ilikuwa ya masalia ya chai, majani yaliyolala siku tatu. Mama Ufito aliiona. Akajifunza.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, mume fundi viatu, na beseni lake la nyuma ya nyumba ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Alivua nguo za kazi huko huko nyuma, akajisugua kwa sabuni ya mche, ndipo akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Mume wake hakukosa neno.

"Karibu, marashi yangu."

"Nyamaza wewe. Viatu vya watu unavyovipaka gundi kutwa vinanukia nini?"

Wakacheka. Lakini dada wa mume hakucheka. Huyu wifi alikuwa mwalimu, amestaafu, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa ameanzisha shule ya chekechea kwenye kiwanja walichoachiwa na wazazi: madarasa mawili, bembea moja, watoto arobaini na sita. Alimpenda wifi yake kwa mbali. Wakikutana msibani alimpa salamu ya kichwa, mikono ameifunga mgongoni.

Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, wifi alipokuja mwenyewe mpaka mlangoni, Mama Ufito alijua kuna jambo zito.

"Wifi, shimo langu linapumua," alisema hata kabla ya kukaa. Alikuwa na karatasi mkononi. "Linatoa mapovu kwenye ufa wa mfuniko. Leo mtoto mmoja ameniuliza, 'Bibi, uji unachemka huko chini?'"

"Ishh! Na bwana afya?"

"Amekuja Ijumaa. Amenipa mpaka Ijumaa hii saa sita mchana. Shimo liwe limenyonywa au afunge shule. Na akifunga, wifi, hafungui tena muhula huu. Wazazi watapeleka watoto kwingine, na mimi nitabaki na bembea."

"Lakini nimelipima wiki mbili zilizopita. Nilisoma kumi na tano. Shimo lenye kumi na tano linapelekewa gari siku hiyo hiyo!"

"Gari lipi? Nimekaa nikingoja gari mpaka shingo imekuwa ndefu. Juzi limepita pale mbele ya shule, limekwenda kwa jirani wa kona."

Mama Ufito alishangaa. Jirani wa kona alikuwa na mia na arobaini. Shimo lake lilikuwa na nafasi ya kukaa mwaka mzima bila kuguswa.

Akavaa mabuti yake, akaenda ofisini kwa miguu, na njiani akakutana na dereva wa gari la kunyonya, ameegesha kwenye kivuli cha ukuta, anakula chungwa.

"Mama Ufito," dereva alimwita, "nina ugomvi na wewe. Wiki ya tatu sasa upande wako unanituma kunyonya hewa. Natumbukiza mpira, naambulia ndoo mbili. Mashine inakohoa tu. Unanikomoa?"

"Mimi nimekutuma?"

"Orodha ndiyo inanituma. Na namba kwenye orodha si zako?"

Mama Ufito akaongeza mwendo. Alianza kuhisi ladha mbaya ulimini, ile inayokuja kabla mtu hajajua kwa nini.

Ofisi ya idara ilikuwa chumba kirefu chenye meza nne na skrini moja kubwa ukutani. Skrini hiyo ilikuwa mali ya mtu waliyemwita Bwana Rangi. Alikuja miezi mitatu nyuma, Bibi Karani alipostaafu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, na alijua kompyuta kweli, simnyimi haki yake. Zamani kulikuwa na majedwali mawili: la mashimo ya upande huu wa barabara kuu, anayopima Mama Ufito, na la mashimo ya ng'ambo, anayopima mwenzake. Wiki tatu zilizopita Bwana Rangi aliyaunganisha likawa moja, akalipaka rangi, akaliweka ukutani. Wageni waliokuja walilisifu. Mkuu alipigwa picha amesimama mbele yake.

Mama Ufito alisimama mbele ya skrini na mabuti yake. Akatafuta chekechea. Akaipata chini kabisa, mwisho wa orodha, imepakwa kijani kibichi cha majani ya mpunga. Namba: 15. Akatafuta jirani wa kona. Juu, nyekundu kama pilipili. Namba: 140.

Akainua macho kwenye kichwa cha safu. Kulikuwa na neno moja tu: KIPIMO.

"Baba," alimwita Bwana Rangi, kwa sauti ya kujizuia, "hiki ni kipimo cha nini?"

"Cha shimo, mama."

"Shimo lina mengi. Lina upana, lina harufu, lina mende. Kipimo cha nini? Kinaanzia wapi?"

Bwana Rangi alitabasamu kwa subira. "Cha uchafu, mama. Namba ikiwa kubwa, uchafu ni mwingi, inakuwa nyekundu, gari linakwenda. Ikiwa ndogo, kijani. Hata mtoto anaelewa."

"Nani kakwambia namba kubwa ni uchafu mwingi?"

"Mpimaji wa ng'ambo. Nilimuuliza nilipoanza. Yeye anazamisha ufito mpaka chini, anautoa, anapima sehemu iliyolowa."

Hapo ndipo Mama Ufito alipotema. Hakutema sakafuni, alitoka nje akatema kwenye mtaro, akarudi. Mpimaji wa ng'ambo hakuwa na kosa. Kupima ufito uliolowa ni njia nzuri kama ilivyo njia nyingine. Yeye alipima uchafu uliopo. Mama Ufito alipima nafasi iliyobaki. Namba za wawili hao zilikuwa zimelazwa kitanda kimoja, chini ya neno moja lisilosema lolote, na kompyuta ikazipaka rangi kwa furaha. Mashimo yaliyojaa upande wake wote yalikuwa kijani. Kwa wiki tatu gari lilikuwa likinyonya hewa huku watoto wakiruka juu ya shimo linalochemka.

"Huu," alisema, akionyesha skrini kwa kidole, "ndio uchafu. Nimeona funza, nimeona paka aliyekufa amevimba kama mpira, sijaona kitu kichafu kama hiki. Kwa nini hukuandika kichwa kizima?"

"Mama, kichwa kirefu kinaharibu jedwali. Hakiingii kwenye kisanduku. Kinasukuma safu nyingine pembeni."

"Kikate mistari miwili! Mitatu! Kisanduku ni baba yako mpaka umwogope?"

Karani wa meza ya pili alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mimi naangalia nilichopewa," Bwana Rangi alisema, uso umeanza kumbadilika. "Kama kumi na tano si kumi na tano, nionyeshe."

"Nyanyuka twende."

Wakaenda. Wifi alikuwa amewahamishia watoto wote darasa la mbele, amewafungia madirisha ya upande wa shimo, wanaimba kwa nguvu kuliko kawaida. Mama Ufito alimpa Bwana Rangi glavu na barakoa, akafungua mfuniko.

Sitawaeleza yote, maana nimeahidi chai isimwagike. Nitasema tu kwamba joto lilitoka kwanza, kisha mende, kisha harufu, kwa mpangilio huo. Uchafu ulikuwa na utando wa kijivu juu yake, na utando ulikuwa ukiinuka na kushuka polepole. Bwana Rangi alirudi nyuma hatua nne, akashika ukuta, akatapika kwenye maua ya wifi.

"Maua yangu!" wifi alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Yatastawi," Mama Ufito akamjibu. "Njoo, baba. Shika ufito mwenyewe. Teremsha. Umegusa? Soma."

"Tisa," Bwana Rangi alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Wiki mbili zilizopita kumi na tano. Leo tisa. Kwenye jedwali lako, baba, shimo hili linazidi kuwa safi."

Bwana Rangi aliegemeza ufito ukutani, barakoa imeteremka kidevuni. Kisha akatoa simu mfukoni. Mama Ufito alidhani anapiga picha shimo. Hapana. Alikuwa anatafuta picha za zamani, na alipozipata akamwelekezea kioo.

"Hizi ni kurasa ulizonitumia mwenyewe kutoka kwenye daftari lako. Ukurasa wa nne, wa tano, wa sita. Nionyeshe kichwa cha safu kiko wapi, mama."

Mama Ufito akaangalia. Mwandiko ulikuwa wake. Mistari ilikuwa yake, imenyooshwa kwa rula. Jina la shimo, tarehe, namba. Juu ya namba, hakuna kitu. Kichwa kamili, "kutoka ukingo wa zege hadi uchafu ulipo, kwa sentimita," alikiandika ukurasa wa kwanza tu wa daftari, mwezi wa kwanza, halafu mkono ukamuuma, halafu akajiambia kila mtu anajua, na Bibi Karani kweli alikuwa anajua. Lakini Bibi Karani alikuwa ameshakwenda kwao.

"Ukurasa wa kwanza kipo," alisema.

"Wa kwanza hukunitumia."

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Kile kinyaa alichokuwa amekielekeza kwa mwenzake tangu asubuhi kilimgeukia mwenyewe. Alifunika shimo, akafuta ufito kwa majani, mara mbili zaidi ya inavyohitajika.

Mkuu wa idara alikuwa mtu wa taratibu. Aliwasikiliza wote wawili wamesimama mbele ya meza yake, dirisha likiwa wazi kwa ajili yao.

"Ratiba ya gari ya wiki hii nimeshaisaini," alisema. "Gari ni moja, na Jumamosi linakwenda kwa fundi, siku kumi. Siwezi kupindua ratiba kwa maneno ya mdomo. Kubadilisha nahitaji maandishi kwamba kumbukumbu zilikuwa na kosa, na nani alikosea. Maandishi yanaingia kwenye faili la mhusika pamoja na barua ya onyo. Haya, nani ananiandikia?"

Bwana Rangi aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepata doa, na alilitazama doa hilo kama vile ameandikiwa jibu hapo.

Mama Ufito alikuwa na miaka miwili kabla ya kustaafu. Faili lake lilikuwa jembamba, safi, halina hata karatasi ya kuchelewa kazini. Alikuwa akijisifia faili hilo kwa mume wake kama wengine wanavyojisifia kabati la vyombo. Alimsubiri mwenzake aseme lolote.

"Nipe karatasi, Mkuu," akasema.

Akaandika kosa lake, la kwake tu: kwamba kurasa tatu za daftari hazikuwa na kichwa cha safu, na kwamba namba zake zinahesabu nafasi iliyobaki, si uchafu uliopo. La Bwana Rangi hakuliandika. Si kwa wema, msije mkamsifu bure. Aliniambia mwenyewe baadaye: "Kosa la mtu mzima siliandiki mimi. Kama anaona raha kutembea nalo mwilini, atembee nalo. Mimi nilitaka gari."

Mkuu alisoma, akasaini, akafuta jina moja kwenye ratiba na kuandika la chekechea: Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Bwana Rangi hakuandika kitu, lakini alikaa kwenye kompyuta siku mbili mfululizo bila hata kwenda kunywa chai. Alitenganisha namba za wawili wale zikawa safu mbili, kila moja na kichwa chake cha mistari mitatu. Jedwali likawa nene, baya, limebanana kama nguo kwenye sanduku la safari. Rangi zilihama: mashimo kumi na moja ya upande wa Mama Ufito yaligeuka nyekundu kwa mpigo. Mama Ufito alipita akasoma vichwa vyote viwili kwa sauti, neno kwa neno, akatikisa kichwa kwamba sawa, akaondoka bila kumsalimia. Kuna watu aliwasamehe upesi. Huyo ilimchukua misimu miwili ya mvua kumsamehe.

Ijumaa gari halikufika saa tatu. Saa nne, hakuna. Wifi alikuwa amesimama langoni, kitambaa puani, watoto amewarudisha kwao, na bwana afya ameshafika mapema na pikipiki yake na kufuli jipya kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, mimi sina chuki na wewe," bwana afya alisema. "Saa sita ni saa sita."

"Wifi, gari lako liko wapi?" wifi akauliza, sauti imemkauka.

Mama Ufito alikuwa ameshatoka mbio mpaka barabarani. Gari alilikuta nyumba ya sita, kwa jirani wa kona, mpira tayari unateremshwa shimoni. Dereva alikuwa ameshika orodha ya zamani; hakuna aliyempelekea mpya.

"We! Unanyonya hewa tena?"

"Orodha inasema..."

"Hiyo orodha kaifungie maandazi! Toa mpira! Saa tano na robo hii!"

Nasikia alikuwa hajawahi kupanda gari lile maisha yake yote. Siku hiyo alipanda, akakaa mbele na mabuti yake, akamwelekeza dereva kwa mkono kana kwamba njia ilikuwa na kona mia. Saa tano na nusu mpira ulizama. Mashine haikukohoa. Ilinguruma kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba, mpira ukatikisika ardhini, na harufu iliyotoka iliwafanya majirani wafunge milango na kutukana wakiwa ndani. Dereva alikuwa anatabasamu. "Hiki sasa ndicho kitu," alisema. "Hiki ndicho kitu!"

Saa sita kasoro dakika nane Mama Ufito aliteremsha ufito. Akasoma mia na sabini na nane.

Bwana afya alitoa fomu, kalamu tayari. "Mia na sabini na nane," alirudia, akitaka kuandika.

"Ngoja," Mama Ufito alimzuia. "Juu ya hiyo safu umeandika nini?"

"Imeandikwa 'kina'. Ndivyo fomu ilivyo, mama."

"Kina cha nini? Andika kwanza hapo: kutoka ukingo wa zege hadi uchafu ulipo. Mwenzako atakayekuja mwezi ujao atasema shimo lina mita karibu mbili za mavi, na shule ifungwe."

"Mama, nina haraka."

"Na mimi pia. Andika."

Akaandika, kwa herufi ndogo zilizojikunja pembeni kwa kukosa nafasi. Akasaini chini. Kufuli alilirudisha kwenye mfuko, akawasha pikipiki yake, akaondoka bila kupokea maji aliyokaribishwa.

Wifi alisoma fomu mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo kifuani. Kisha akaenda kuchota maji kwenye jagi. Alimmiminia wifi yake mikononi, mkono wake ameunyoosha mbali kadiri ulivyofika, uso ameugeuzia bembea.

"Unanuka, wifi," alisema.

"Na wewe una shule, wifi. Ongeza maji."